Muulize Konda Mstaafu: Ukitoka Eapoti, taja kituo

Wiki hii nimefungua barua tatu, na zote zinaanzia mahali pamoja: mlango wa kutokea Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, msafiri kashika begi, jua la Kipawa linamchoma utosi, hajui aende kushoto au kulia. Mimi ndege nimepanda mara mbili tu maishani. Lakini pale nje barabarani nimening'inia mlangoni mwa daladala miaka kumi na moja, ruti ya Gongo la Mboto na Posta, mpaka goti liliponigomea mwaka 2019. Ya ndani ya uwanja waulizeni wengine.

Shikamoo Konda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bukoba. Mama yangu ana miaka 71 na amepewa rufaa ya Muhimbili. Safari ya basi hataiweza, kwa hiyo ndugu tumechanga tiketi za ndege. Tunashuka Alhamisi saa tisa alasiri. Sijawahi kufika Dar. Jirani ameniambia teksi za uwanjani zitanimaliza, nipande daladala ya Kariakoo halafu niunganishe. Mwalimu mwenzangu anasema nisithubutu. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwalimu, na pole kwa kuuguza.

Hao wawili wamekupandisha gari kabla hawajakuuliza unashukia wapi. Hebu toa barua ya rufaa uisome tena. Imeandikwa Upanga au Mloganzila? Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko sehemu mbili. Ya zamani ipo Upanga, mjini kabisa, pamoja na MOI ya mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mloganzila iko Kibamba, nje kabisa kwa Barabara ya Morogoro, ukikaribia Kibaha. Ukiwa umesimama Eapoti, hizo ni safari mbili tofauti, na ukikosea utalivuka jiji zima na mgonjwa kwenye foleni ya jioni.

Nalisema hili kwa uchungu. Alipanda mzee mmoja pale Eapoti na binti yake, bahasha ya kaki ameishika kwa mikono miwili kama anabeba bakuli la uji wa moto. Nikamuuliza, "Mzee wapi?" Akajibu, "Muhimbili." Nikapokea nauli, nikawashusha Mnazi Mmoja, nikawaonyesha pa kuunganishia, nikajiona nimetenda wema. Wiki iliyofuata nikakutana na yule binti kwenye gari lilelile. Akaniambia walipofika getini Upanga bahasha ikasomwa, wakaambiwa hapa sipo penu, penu Mloganzila. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu, mtu akinitajia Muhimbili nilimuuliza ipi, hata kama gari limejaa na suka, yaani dereva, ananipigia honi twende.

Sasa teksi au daladala? Kwa mama, teksi. Wala hapa usihesabu senti. Ngazi ya kwanza ya Coaster ni ndefu kwa mtu mwenye magoti mazima, na saa tisa hiyo hakuna anayekuhakikishia kiti. Halafu kuna kushuka. Utawasikia makonda wakipiga kelele "mguu wa kushoto! mguu wa kushoto!" Wageni hudhani ni mzaha. Mlango uko kushoto, na gari mara nyingi halisimami kabisa, linatambaa. Ukitanguliza mguu wa kushoto huku uso unatazama mbele, mwili wako unafuata mwendo wa gari, unakanyaga hatua mbili tatu umesimama. Ukitanguliza wa kulia unajikuta umegeukia nyuma, gari linakwenda huku wewe unakwenda kule, na lami inakupokea. Kijana anajifunza kwa siku moja. Mama wa miaka 71 asijifunze.

Kuhusu teksi kukumaliza, dawa yake ni kujua bei kabla ya kumwona dereva. Weka kwenye simu programu ya kuita gari, Bolt kwa mfano, ukiwa hukohuko Bukoba. Mkishatua, andika unakokwenda uone bei inayokuja, hata kama huna mpango wa kuliita gari lenyewe. Ukitoka nje na kukutana na dereva wa teksi ya uwanjani, tayari una namba kichwani. Yeye atakuwa juu zaidi, maana ana kituo chake pale na gharama zake, na mkikutana katikati si dhambi. Ila maneno yaishe kabla buti halijafunguliwa. Mwambie hivi: "Muhimbili Upanga mpaka getini, pamoja na maegesho, foleni ni yako." Hayo maneno ya mwisho yana thamani yake. Wapo wanaokubali bei halafu kwenye kizuizi cha kutokea uwanjani wanakugeukia wanasema, "Mama, lipia maegesho."

Njia ya Upanga haina fumbo: Barabara ya Nyerere moja kwa moja, mnapita juu ya daraja la Tazara, Veta, Kamata, Gerezani, mmefika mjini. Kama kilomita kumi na mbili hivi. Saa tisa mtakuwa mnaingia mjini wakati wenzenu wanajiandaa kutoka, kwa hiyo foleni kubwa itakuwa upande wa pili, mtaitazama dirishani. Ikiwa ni Mloganzila, mwulize dereva kama atapita Kinyerezi. Kutoka Eapoti mnarudi nje kidogo mpaka Banana, mnakata kwenda Kinyerezi, Malamba Mawili, mnatokea Mbezi, kutoka hapo Kibamba si mbali tena. Dereva atakayekuambia lazima mpite Ubungo huenda ana sababu zake za siku hiyo, msikilize, lakini ajue kwamba ile nyingine unaijua.

Mama akishalazwa, hapo ndipo daladala inakuwa yako, mwalimu, maana kukaa Dar siku kumi kwa teksi ni kuuza shamba. Nikufundishe mambo ambayo hayaandikwi popote.

Ubao wa mbele wa daladala umeandikwa ncha zote mbili za safari. G/MBOTO – K/KOO maana yake linakwenda Kariakoo, au linatoka Kariakoo, na ubao haugeuzwi. Nimebeba wageni wengi waliousoma vizuri kabisa wakapanda gari la kwenda Gongo la Mboto huku wamekaa wanasubiri kuiona Kariakoo. Wanashtuka tukifika Ukonga. Kwa hiyo ubao usome, lakini msikilize konda. Anayekwenda mjini atakuwa anaita "Posta Posta Posta" au "Kariakoo, wawili wa haraka!" Anayetoka mjini ataita "Banana, Gongo, Gongo." Na wewe jibu kwa swali, mguu ukiwa bado chini: "Mjini?" Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ya Gongo la Mboto umepita hapohapo kwenye Barabara ya Nyerere na umesogeza vituo tulivyovizoea, hivyo usione aibu kumuuliza muuza maji pa kusimama. Huyo anajua kuliko mimi siku hizi.

Jambo la pili ni majina. Ukimtajia konda mtaa wa kwenye ramani ya simu atakutazama tu. Yeye anajua vituo, na vituo vya Dar vina majina ya vitu, vingine vilishakufa. Kamata palikuwa pa shirika la umma la mabasi. Mabasi hayapo, shirika halipo, kituo bado ni Kamata na vijana wanaoshuka hapo wanadhani kuna mtu alikamatwa. Fire ni kwa watu wa zimamoto. Veta ni chuo cha ufundi. Posta ziko mbili, Mpya na ya Zamani, na kati yake kuna mwendo wa kutoa jasho. Mtu yeyote akikuelekeza kokote Dar, mwulize: "Kituo kinaitwaje?" Usikubali jibu lingine.

Tatu, nauli. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipanga Sh600 kwa safari ya hadi kilomita 10, ndefu zaidi inaongezeka kwa mamia. Muulize abiria wa jirani "nauli shingapi?" kabla konda hajakufikia, kisha toa bila swali, kama mwenyeji. Na usitoe noti ya elfu kumi asubuhi. Konda anapanga noti kwa kuzikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, elfu moja huku, elfu mbili kule, sarafu kwenye kiganja za kuchezesha ili msikie nauli inadaiwa. Saa moja asubuhi vidole vile vinakuwa vyeupe. Ukimpa elfu kumi atakuambia "chenji ukishuka", na ukishuka gari linatambaa, na mguu wa kushoto umeshatangulia. Nakiri nimewahi kubaki na chenji za watu kwa namna hiyo. Si zote nilizisahau.

Simu usiishike dirishani foleni ikisimama. Begi dogo pakata.

Ukitaka kwenda kwa ndugu Kimara, hapo panda mwendokasi, kuanzia Gerezani au Kivukoni, inapita Barabara ya Morogoro kwenye njia yake yenyewe tangu Mei 2016. Asubuhi na jioni kubanwa kupo, usidanganyike na jina. Na ikinyesha sana, sikiliza habari kabla ya kutoka, kwa sababu Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, mabasi yakaishia Magomeni kwa upande mmoja.

Mwisho, jioni utaona watu wanapanda gari linalokwenda kinyume na kwao. Hawajapotea. Wanageuza nalo: wanakwenda mpaka mwisho wa ruti, wanalipa nauli ya ziada, ili likigeuka wawe wameshakaa. Ukiwa umeshinda hospitali umesimama, geuza nalo na wewe.

Assalaam alaykum. Mimi nimezaliwa Unguja, naishi Maskati tangu 2008. Mara hii tiketi ya Dar imekuwa rahisi kuliko ya Unguja moja kwa moja, nikaikata. Natua saa mbili asubuhi na wanangu wawili na masanduku manne, nataka boti siku ileile. Kaka yangu kanambia nimwambie dereva anipeleke feri. Na wakati wa kurudi nataka kupita Tanga kwa shangazi. Basi bado napanda Ubungo?

Waalaykum salaam, dada. Kaka yako anakupenda lakini atakupoteza. Neno "feri" lifute kabisa. Hapa Dar, Feri ni pale Kivukoni panapovuka pantoni kwenda Kigamboni, pamoja na soko la samaki. Dereva ukimwambia feri atakupeleka feri, kwa nia njema, akushushe na masanduku manne katikati ya matenga ya dagaa na vibua. Boti za Zanzibar ziko Bandarini, Barabara ya Sokoine, kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu linawatazama. Kati ya hapo na Feri ni karibu kama kilomita moja, na kilomita moja na masanduku manne na watoto wawili tusiiongelee. Sema hivi: "Boti za Zanzibar, Bandarini, mbele ya kanisa."

Kwa masanduku manne, daladala haipo kwenye mazungumzo. Ungelazimisha, konda angeyapanga mawili kwenye injini karibu na dereva, mawili juu ya miguu ya watu, na kila moja angelidai nauli kama abiria. Nimefanya hivyo mwenyewe. Chukua teksi, na uhakikishe ni gari lenye buti la maana. Vigari vidogo vingi vinavyoitwa kwa simu buti lake linameza sanduku moja na nusu.

Asubuhi saa mbili mnakwenda mjini na kila mtu anakwenda mjini, kwa hiyo usikate tiketi ya boti ya saa tatu na nusu kwa kudhani utaiwahi. Kuna pasi za kugongwa, masanduku ya kusubiri, halafu barabara. Lenga ya mchana. Boti yenyewe inachukua kama saa mbili. Mkifika, watakuja vijana kuikimbilia teksi kabla haijasimama, mmoja atashika sanduku, mwingine atasema ofisi imefungwa twende huku. Ofisi haijafungwa. Watoto wabaki na masanduku, wewe nenda mwenyewe dirishani kwa kampuni ya boti ukate tiketi. Mchukuzi ni mtu wa maana na mgongo wake unastahili kulipwa, ila mpatane bei kwa masanduku yote manne kwa pamoja, si kwa moja moja.

Pasi za kusafiria ziweke karibu, Unguja mtakaguliwa tena. Kama wanao wana pasi za Oman, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na inakatwa kwa mtandao. Ikamilishe ukiwa Maskati.

Ubungo unayoikumbuka haipo, dada. Mabasi ya mikoani yalihamishiwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Nawe ulipoondoka 2008 pale Tazara kulikuwa na mataa, na trafiki mweupe pe katikati akiongoza kwa mikono, tukikaa mpaka abiria wanashuka kununua miwa na kurudi wamekuta gari palepale. Sasa kuna Daraja la Mfugale, la juu kwa juu, tangu 2018. Ukija Tanga kutoka Unguja kwa Dar, kutoka Bandarini mpaka Mbezi ni safari ya kupanga, kwa hiyo lala mjini, uondoke alfajiri.  

Mambo Konda. Naanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu, Mlimani. Ndege yangu kutoka Mwanza inatua saa saba usiku. Begi moja la mgongoni na ndoo. Naweza kupata daladala saa hiyo?

Poa, mdogo wangu. Huwezi, na hata ukiona gari linaita saa hiyo usilipande. Usikubali bodaboda ya usiku pia, na ndoo yako. Ikiwa hakuna ndugu wa kukupokea wala fedha ya teksi, baki ukumbini, kaa karibu na familia yenye watoto, pitisha mkono kwenye mkanda wa begi ndipo usinzie. Hakuna atakayekushangaa, kila usiku wapo wa namna yako.

Saa kumi na moja alfajiri toka barabarani pamoja na wafanyakazi wa zamu ya usiku, usitoke peke yako. Usitafute gari la Posta, wewe huendi Posta. Tafuta linaloita Ubungo au Simu 2000: litafika Tazara likate kushoto, Buguruni, Tabata, External, Ubungo. Shuka Ubungo uulize magari ya Chuo. Sh1,000 mbili ziwe mfuko wa mbele, zilizobaki soksi. Ndoo iweke juu ya mapaja, ukiiweka chini mtu atakalia.

Na Coaster ya kwanza ya alfajiri, nikwambie, ni raha. Taa za ndani zimewashwa, redio iko chini, konda bado hajakauka sauti. Ingia mpaka nyuma. Nyuma kweupe.